Reki ya Bi Solveig

Naikumbuka Jumamosi moja kwa harufu ya udi, Thuraya mwanangu, udi niliowachomea wageni ambao hawakuja. Ilikuwa Drammen, mji huohuo wa Norwe unaokwenda kuishi na mumeo. Juzi ulipokuja hapa Al Amerat, nje ya Maskati, kuniaga ulisema, "Bibi, mimi nitajifungia ndani mpaka mkataba wa Salim uishe, turudi zetu." Nilicheka, ukadhani nakucheka wewe. Nilijicheka mimi.

Babu yako, Mungu amrehemu, alinipeleka kule tukiwa bado maharusi. Alikuwa akisomea mitambo. Mji una mto mpana katikati, na zamani, waliniambia, ulikuwa miji miwili, kila mmoja ng'ambo yake, ikitazamana kwa majivuno kama mawifi, hata ikaunganishwa ikawa mmoja. Nyakati zangu mto ulinuka uchafu wa viwanda vya karatasi. Baridi ilinitafuna, babu yako kutwa chuoni, na majirani wakinipita wanatikisa kichwa tu, hodi hawapigi. Kwetu bibi harusi akihamia mtaani, mlango haufungwi kwa watu wanaokuja kumtazama. Nikasema moyoni, hawa hawanitaki.

Ndipo jirani wa chini, mjane mmoja jina lake Solveig, akanigongea. Kiingereza chake kibovu na changu hakina nafuu, lakini tulielewana. Jumamosi asubuhi, alisema, majirani wote watakutana, nami nisikose.

Alhamdulillahi, nimekumbukwa, wanakuja kwangu kunitazama! Nilikwenda kuosha vikombe, mwanangu. Nilikaanga sambusa tangu alfajiri, nikafungua halua aliyonifungia mama kutoka Maskati, nikavaa kanzu yangu ya harusi, chetezo kikafuka. Nikakaa mpaka sambusa zikapoa. Nje nasikia vicheko. Nachungulia dirishani, naona majirani wote, wakubwa na wadogo, wana reki na mafagio, wanakusanya majani yaliyokuwa yameoza chini ya theluji na takataka za ukingoni mwa mto. Sikuelewa kitu. Nililia, kisha nikashusha sanduku. Niliazimia babu yako akirudi nimwambie anipeleke kwa mama. Akitaka abaki, akitaka aniache. Ndoa yangu nilikuwa tayari kuivunja kwa sinia la sambusa.

Mlango ukagongwa. Bi Solveig huyo, viatu kavivua kizingitini kama sisi, mikono imejaa tope. Akalitazama sinia, akanitazama nilivyopambika, akalitazama sanduku.

"Sisi tunakungoja nje," akasema, "na wewe unatungoja ndani."

Akaketi kwenye zulia, nikammiminia kahawa. Nikamwambia kwa hamaki kwamba kwetu mgeni haitwi kufagia. Akanieleza kuwa kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe: theluji ikishayeyuka majirani hutoka kufanya kazi pamoja bila ujira, kisha wakala pamoja, na anayeitwa keshakuwa mwenyeji. Ni msaragambo, mwanangu, kama wa kwetu Unguja, kama watu wa huku milimani wanavyosafisha mfereji wa falaji. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata penye theluji.

Lakini nilikuwa na jengine moyoni. "Nikichanganyika nanyi, nitapotea," nilimwambia. Mwacha asili ni mtumwa, nimelelewa nalo neno hilo. Bi Solveig hakunicheka. Marehemu mumewe alikuwa akishusha magogo mtoni.

"Magogo ya wakataji wote wa juu yalikuja kwa mto huuhuu, yamechanganyika," akasema. "Kila mtu alikuwa keshaligonga lake alama kwa shoka. Huku chini wakiyapambanua, halikupotea gogo kwa kuchanganyika. Yaliyooza ni yale yaliyokwama ukingoni."

Nilivua kanzu ya harusi nikavaa koti, nikatoka na sinia langu. Sambusa baridi, wallahi, ziliisha kabla sijashika reki. Bwana mmoja mtu mzima alitokwa machozi kwa pilipili, na bado akachukua ya pili. Babu yako aliporudi alinikuta ukingoni mwa mto na watu asiowajua, nikamjulisha mimi. Sanduku alilikuta wazi kitandani. Hakuuliza, nami sikumwambia mpaka tuna wajukuu. Nilimpenda zaidi kwa kule kutouliza.

Tulipohama, Bi Solveig alinipa reki niliyoizoea, mpini kauchonga alama yangu, kama zile za magogo. Ndiyo hiyo nyuma ya mlango, ambayo kila Idi mnanitania bibi ana reki ya nini na ua lote ni kokoto.

Basi nnakuusia, mwanangu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyetoka chumbani hamponyi mtu, hata nafsi yake. Sala zako usiziache, na watoto ukijaaliwa wasemeshe Kiswahili. Alama yako waliigonga waliokulea, na maji hayaifuti. Ila majirani wakikwita usingoje waje kukutazama. Nasikia siku hizi mto ule ni safi, watu wanaogelea. Ukiingia, ujue kuna takataka humo alizitoa bibi yako.

Mungu akuhifadhini wewe na Salim, akupeni majirani wema na kizazi chema, akurudisheni salama mnikute. Reki hii haiingii sandukuni, nimeshapima. Itabaki hapahapa. Wewe toka nje tu, utapewa nyingine.