Fundi Saa Aliyeambiwa Amechelewa

Shemeji yangu ni fundi saa, na mimi nauza fremu za miwani mlango wa pili, chini ya ngazi za jengo lilelile. Kati yetu kuna ubao tu, akipiga chafya namsikia. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nasema ya kuambiwa.

Ni fundi kwelikweli. Anabana lenzi jichoni, anashika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele, na mkono hautetemeki. Saa zote ukutani kwake zinagonga pamoja, na ole wako useme ya kwako ndiyo iko sawa. Tatizo ni kwamba watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu. Kazi iliyobaki ni kubadilisha betri, na hizo nazo za kuhesabu.

Hapo ndipo dada yangu, mke wake, alipoanza kumimina chai nje ya kikombe. Hospitali wakasema ni presha ya macho: la kushoto limeshakwenda, la kulia litaokoka akipasuliwa mapema. Wakapangiwa tarehe. Akiba yao ya kulipia upasuaji ilikuwa imepungua kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichomponza shemeji.

Mteja mmoja wa betri alimwingiza kwenye kundi la simu la bwana anayejiita Profesa. Unalipa kila mwezi, naye anakutumia signali: nunua sarafu hii ya mtandaoni sasa hivi, uza ikifika bei hii. Mara ya kwanza shemeji alipata faida, akatununulia soda. Mara ya pili akala hasara. Akamwandikia Profesa kuuliza, akajibiwa kwa upole kabisa kwamba signali ilikuwa sahihi, ila yeye aliingia amechelewa.

Jamani, mwingine yeyote angetukana akatoka. Fundi saa ukimwambia amechelewa umemmaliza. Hakuuliza tena Profesa ni nani, anakaa wapi, wala nani alikuwa ananunua kabla yake. Aliona aibu, kama mtu aliyerudishiwa saa aliyoitengeneza jana ikiwa imesimama. Akaanza kuandika kwenye karatasi: signali imefika saa ngapi, amebonyeza baada ya sekunde ngapi. Kumi na nne. Kumi na moja. Akanunua simu yenye kasi zaidi. Wateja wakisimama dirishani, anawanyooshea kidole wangoje.

Nilimweleza mimi. Nilimkalisha chini nikamwambia, shemeji, hao wa juu wananunua kwanza, ndipo wanawatumia nyinyi ujumbe. Mkikimbilia bei inapanda, wanawauzia nyinyi wenyewe na kwenda zao. Hata ukibonyeza kabla hujapepesa macho, wewe ndiye unayeuziwa. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema mambo ya muda niwaachie wanaoyajua. Nikamwambia basi kaa na kichwa chako kigumu, nikanuna wiki nzima. Najuta kununa, kwa sababu wiki hiyo ndiyo Profesa alimkaribisha kundi la wakubwa, ambako signali hufika mapema, na ada yake ikatoka kwenye pesa za jicho. Zilizobaki akazitia zote kwenye sarafu moja asubuhi, na kabla ya saa nne zilikuwa zimeyeyuka.

Hatukujua mpaka siku ya hospitali. Nilikuja kuwasindikiza, nikamkuta dada ameshaoga, amevaa viatu, amekaa ukingoni mwa kitanda na mkoba mapajani. Shemeji alipiga magoti mbele yake akasema yote, hakuficha kitu. Mimi nilingoja aseme ametapeliwa. Angesema hilo, ningelia naye.

"Sekunde nane, mama," alimwambia. "Nimekosa kwa sekunde nane tu."

Dada akakitafuta kichwa cha mumewe kwa mkono mpaka akakipata.

"Basi safari nyingine uwahi," akasema.

Nilimvua dada viatu, nikamlaza. Nilipogeuka, shemeji alikuwa ameshatoka kutafuta mtu wa kununua meza yake ya kazi na vifaa vyake vyote, apate kumlipa Profesa mwezi mwingine.