Mlango Usiofungwa wa Fundi Kufuli

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa fundi kufuli huyu ni kwamba anabisha hodi kwake mwenyewe. Alifika mbele ya chumba chake cha mabati, shada la funguo likilia kiunoni, akakohoa kidogo, akasema, "Hodi."

"Ngoja kwanza, tunapanga foleni," sauti ya mwanamke ikajibu kutoka ndani.

Akangoja. Majirani humwita Funguo, kwa kuwa hakuna kufuli mtaani lililowahi kumshinda. Chumba chake tu ndicho kisichofungwa.

Chanzo ni bomba. Mradi wa kuboresha mtaa ulipochora ramani, hapo palikuwa kiwanja kitupu. Mchoro ukalala ofisini miaka mingi. Huku nyuma kiwanda alichofanyia kazi Funguo kikafungwa, kodi za vyumba zikapanda, na watu wakajenga popote palipobaki: juu ya mitaro, nyuma ya vyoo, hata kiwanjani. Mvua ikinyesha, mitaro iliyozibwa na nyumba huingia ndani ya nyumba hizo, na watoto huharisha. Funguo naye alijenga pale, akamleta shangazi yake aliyemlea, ambaye siku hizi miguu haimbebi.

Mradi ulipoamka, mhandisi aliingia na mchoro wake, akasimama kando ya kitanda.

"Bomba linakaa hapa."

"Mhandisi, hapa analala shangazi yangu."

"Mchoro unaonyesha pako wazi."

"Mwanangu," shangazi akasema kutoka kitandani, "hebu niguse, kisha uutazame tena huo mchoro."

Mhandisi alikuwa na utu. Alilisogeza bomba kidogo ili lisigongane na mto wa kulalia. Halafu akaacha agizo: bomba ni la umma, chumba kisifungwe.

Maji hayakuja, ilikuja foleni. Mtaani hapa mtu hasimami kwenye foleni, huweka dumu lake likamshikia nafasi. Madumu yalianzia bombani, yakapita uvunguni, yakatoka mlangoni na kukunja kona. Wenyewe waliingia asubuhi na jioni kuhakikisha hayajasogezwa, wakamsalimia shangazi, wakakosoa kitanda chake kilivyotandikwa.

Funguo alipotaka kuweka dumu lake mbele, muuza mkaa, mwenye nafasi ya kwanza, alimzuia.

"Kulala na bomba si kupanga foleni, baba. Nenda nyuma kama wenzako."

Akaenda nyuma, mbali kabisa na chumba chake.

Wiki hii mradi ukatangaza kwamba Jumamosi mgeni rasmi atakuja kufungua maji. Akikuta chumba juu ya bomba, kitabomolewa, na mabati yatachukuliwa.

"Tukibomoe wenyewe Ijumaa," muuza mkaa akashauri, "jioni ya Jumamosi tunakirudisha."

"Na mtu mwingine akijenga hapo mchana?" Funguo akauliza. Alilijua hilo vizuri; ndivyo yeye mwenyewe alivyokipata kiwanja.

Alifikiri usiku kucha. Ijumaa majirani walishusha mabati na kung'oa nguzo, lakini alikataza mlango na fremu yake visiguswe. Mwenye mlango, alisema, ana nyumba, hata kama nyumba imetoka kidogo. Akaufunga kwa kufuli lake bora. Agizo lilikataza kufunga chumba, na chumba hakipo.

Basi Jumamosi hii asubuhi mlango umesimama peke yake kiwanjani, umefungwa. Nyuma yake lipo bomba, kitanda, na shangazi chini ya mwavuli, aliyekataa katakata kuhamishwa. "Nitampokea mgeni," anasema. "Kwani anakuja kwangu."

Hakuna kuta, ila tangu alfajiri hakuna aliyeuzunguka mlango. Muuza mkaa alikuja kuliangalia dumu lake, akasimama mbele ya mlango, akabisha.

"Pita pembeni, mama," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba mimi sina adabu. "Nyumba ya watu hii."

Funguo akamfungulia, akafunga tena.

Sasa magari yameegeshwa barabarani. Mgeni rasmi anakuja kwa miguu, mkasi mkononi, mhandisi akimwonyesha njia. Bomba limeanza kukoroma. Funguo amesimama upande wa ndani, ufunguo tayari kwenye tundu, na majirani wote wametega masikio kusikia kama mgeni atazunguka au atabisha hodi.