Nyoka wa Ukutani

Harufu ya rangi ya mafuta hunikereketa koo hadi leo. Mwaka niliokuwa darasa la kwanza, katikati ya miaka ya tisini, chekechea ya mdogo wangu Nafula kule mtaa wa Baba Dogo ilinukia rangi hiyo muhula mzima. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati na kiwanja kidogo kando ya ukuta mrefu wa godauni. Mwalimu Wanjiru, mwanamke mcheshi aliyeamini kwamba mtoto hujifunza akicheza, aliwaita wazazi Jumamosi moja wamsaidie kupatengeneza. Wakaja. Baba, kibarua wa godauni hilo hilo, alileta mchanga. Fundi wa akala, vile viatu vya matairi, kutoka soko la Kariokor akaleta tairi za bembea. Akina mama wakashona mipira ya matambara. Umoja ni nguvu, walisema, na kwa kweli sijaona tena watu wazima wakifurahi hivyo kwa ajili ya watoto.

Ukuta ulikuwa na ufa, na kila mtu aliuona. Lakini ukuta ulikuwa wa tajiri mwenye godauni, na nani angeenda kumwambia tajiri kwamba jengo lake ni bovu, ilhali ndiye anayempa kazi? Kwa hiyo Mwalimu Wanjiru akaugeuza ufa kuwa nyoka. Akaupaka kijani, akauchorea macho na ulimi mwekundu, na kando yake akaandika herufi zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Hawakusema lolote kuhusu anayeupamba. Watoto walisoma wakimfuata nyoka kwa kidole, na wageni walisifu sana.

Kila siku mimi nilitoka shuleni adhuhuri nikampitia Nafula. Alipenda kukaa mchangani, mgongo ukutani, akipika chapati za mchanga. Mvua za masika zilipoanza, nikaona mstari mweusi katikati ya kijani. Kidole changu kiliingia. Wiki iliyofuata viliingia viwili. Nilipomwonyesha Mwalimu, alicheka. "Ai, Nekesa, huyo nyoka ameshiba tu," akasema, akachukua brashi akamwongeza unene. Jioni nikamwambia Baba. "Wewe ndio injinia siku hizi?" akauliza. "Hebu kula, wacha maneno." Nikala. Niliogopa ule ukuta, lakini niliogopa zaidi kuitwa mjuaji, na kwetu mtoto hamrudii mkubwa jambo mara ya pili. Siku tatu nilimvuta Nafula mkono tukaondoka mbio, bila kumweleza kwa nini.

Siku ya nne nilichelewa, nikiruka kamba na wenzangu. Nilipofika, pale palipokuwa na ukuta niliona anga tupu, na chini rundo la matofali yaliyolowa. Watoto wengine walikuwa ndani wakinywa uji. Nafula alikuwa amechopoka kwenda kumalizia chapati zake. Mwalimu Wanjiru alikuwa akifukua kwa mikono mitupu, akiita jina la mdogo wangu, na vidole vyake vilikuwa vikitoka damu. Walimtoa hai. Mguu wake wa kulia haukupona, na Mwalimu Wanjiru hakufundisha tena. Baba hakuwahi kulitaja jambo lile hadi alipofariki. Hata mimi sikulitaja.

Siku hizi binti yangu anasoma chekechea ya ghorofa huko Donholm. Kuna bembea za plastiki, mazulia ya sponji, na vitabu ambavyo sisi hatukuvijua hata kwa ndoto. Nafula, mkongojo mkononi, alikuja nasi siku ya kumwandikisha, akapasifu mno. Juzi, nikikaanga sukuma, binti yangu aliniambia kwamba sakafu ya darasa lao hutetemeka wanaporuka. "Maliza hesabu zako kwanza," nikamjibu bila hata kugeuka. Akarudi kwenye daftari lake, mtoto mtiifu. Mboga ilikuwa imeshaiva nilipoelewa nilichoambiwa. Nikazima jiko, nikapiga magoti mbele yake, nikamwomba aniambie tena.

Akatikisa kichwa. "Si kitu, Mama."