Kitanda cha Sita

Kitanda changu kilikuwa cha sita, chini ya dirisha, na kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo kando ya mto wangu. Ndoo ikijaa kabla sijaamka, viatu viliogelea. Nilikuwa nimekwisha zoea. Nilijua sauti ya ndoo tupu na ya ndoo iliyokaribia kujaa, na nilipenda kuamka nikijua tofauti hiyo, maana kuna sehemu nyingi nimelala maishani bila kujua hata sauti moja ya hapo.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Bani Malik, Jeddah, juu ya kinyozi, na aliyeipanga si mimi bali timu. Sisi ni madereva, walinzi na vibarua, Wakenya wengi wetu, na kila Ijumaa asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunacheza kwenye kiwanja cha kukodi dhidi ya wafanyakazi wenzetu. Ligi ni yetu wenyewe. Zamani timu zenye wafadhili zilianza kuwanunua wachezaji wa wenzao, na ikakaribia kufa. Ndipo wakuu wa timu wakakaa wakakubaliana kwamba hakuna mchezaji atakayelipwa pesa. Timu ikitaka kumvuta mtu, impe kitanda na chakula, basi, na vitanda visizidi sita. Mpaka huo tuliuita dari. Wakaongeza sharti la pili: mwenye kitanda hafukuzwi msimu ukiendelea. Avunjike mguu, aishiwe pumzi, atabaki. Anatoka kwa hiari yake tu.

Kwa hiyo meneja wetu hakuwa na kazi ya kupanga kikosi peke yake. Alitakiwa kujua nani wa kulazwa na nani wa kuambiwa acheze akitokea kwake. Alikuwa mtu wa Bungoma, mlinzi wa bohari la vigae, mpole, na alikuwa na tabia ya kukukodolea macho kabla ya kukujibu, kana kwamba anakupima suruali.

Mimi nilikuwa kipa wa tatu. Nina miaka arobaini na kitu. Nilidaka shuleni Kitale nikiwa kidato cha tatu, na tangu hapo nimedaka kila nilipofika: Mombasa nikiwa turnboi wa lori, Dammam nikiwa kibarua, Riyadh nikiwa dereva wa familia moja iliyokuwa na ua mpana na chumba cha dereva kando ya geti. Sikukaa sana popote. Nikishatimiza mwaka mahali, naanza kuota nilikotoka. Nikiwa Dammam niliota viazi vya Mombasa, na nikiwa Riyadh niliota bahari ya Dammam, ambayo nilipokuwa nayo sikuwahi kuiangalia. Meneja nilimfahamu Riyadh. Tulicheza pamoja msimu mmoja kabla hajahamia Jeddah.

Kisha madam wa Riyadh akamwazima dada yake wa Jeddah dereva, na dereva huyo nikawa mimi. Nilipofika na begi langu, dada mtu alinionyesha gari, akanionyesha shule ya watoto, nikamwuliza nitalala wapi. Akasema mafi, hakuna. Ni fleti, hapana chumba cha dereva, nijitafutie. Nilimpigia meneja simu nikiwa nimesimama kando ya barabara. Akasema msimu unaanza, timu ina kitanda kimoja bado, niende Bani Malik. Sikuuliza kwa nini. Mtu akifunguliwa mlango hasimami kuuliza bawaba.

Jioni, kazi zikiisha, tulikaa nje ya mkahawa wa chai ya maziwa. Vilabu vikubwa vya nchi hii vilikuwa vimesajili mastaa wa dunia, nasi tukawahukumu mameneja wao kama watu wenye hisa: nani kamwacha beki mzuri, mshahara wa nani umezidi miguu yake, mkataba gani ni mzigo. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Niliweza kumfukuza meneja wa klabu kubwa kabla chai haijapoa. Wenzangu walinicheka, lakini walisogeza viti ili wanisikie.

Baada ya Idi akaja straika. Alikuwa kijana wa Machakos, kampuni yake ilikuwa imemhamisha kutoka Riyadh, ikamlaza mtaa wa Karantina katika chumba kilichojaa watu hadi mlangoni. Alicheza nasi mechi mbili, na hata mimi niliyekaa benchi na glavu kavu niliona kwamba mtu wa namna hiyo hatujawahi kuwa naye. Alimwomba meneja kitanda. Meneja alimwambia asubiri kidogo, kuna kimoja kinakaribia kufunguka.

Majuma hayo meneja alikuwa mwema sana kwangu. Kila tukikutana aliniuliza habari za madam wa Riyadh. Hajakuita bado? Dada mtu hajapata dereva mwingine? Nilimjibu kwa furaha kwamba hapana, na kwamba safari hii hata sina haja ya kwenda. Nilimwambia nimeanza kuupenda mji huu. Nilidhani anaogopa kunipoteza.

Straika alichoka kusubiri. Timu ya mtaa wa Kandara ikampa kitanda, na tulipokutana nao alitufunga mabao mawili, la pili akiwa amemlaza kipa wetu chali. Tukatoka kwenye mbio za ubingwa palepale. Kabla hatujavua viatu, mashabiki walikuwa wameshasema meneja ashtakiwe.

Timuni kwetu kuna desturi. Mtu akishtakiwa, wanaomshtaki huchagua mwamuzi mmoja, mshtakiwa huchagua wake, na wa tatu hutoka nje ya timu. Mashabiki walimchagua dereva wa lori, mtu wa Nakuru, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wa tatu akawa Mzanzibari mwenye nyumba, ambaye wazazi wake walihamia Jeddah tangu mapinduzi, na ambaye mpira wenyewe haumhusu; alichotaka ni sakafu yake isitobolewe na viatu. Meneja akanichagua mimi.

Juma lile sikulala vizuri, na si kwa sababu ya ndoo. Nilijua tutakavyofanya: tutapita kitanda kwa kitanda, tuulize kila kimoja kilifaa nini. Na hata mtoto angeweza kufika cha sita akaona. Nikimtetea meneja, watasema natetea godoro langu. Nikimhukumu, meneja mpya atakuja, na ingawa hawezi kunifukuza, kuna njia elfu za kumfanya mtu ajiondokee. Na nikitoka pale ningerudi wapi? Riyadh chumba cha geti kilikuwa bado kitupu. Ningeomba kurudishwa, ningekubaliwa, na mwaka mmoja baadaye ningeanza kuota ndoo ya Bani Malik. Niliendesha gari nikapita geti la shule na watoto wamo ndani, wakanicheka.

Ijumaa hiyo, baada ya swala, Mzanzibari alikuja na birika la kahawa na tende, akakaa kwenye godoro la kwanza. Wengine walijaa hadi kwenye korido. Dereva wa lori alianza. Kitanda cha kwanza, beki wa kati: halali. Cha pili na cha tatu, viungo: halali, ingawa mmoja anakula kama wawili. Cha nne, kipa wa kwanza: halali, licha ya mabao yale. Cha tano, winga aliyeumia goti Januari. Hapo palitokea ubishi, lakini sharti ni sharti, aliumia akitutumikia.

"Cha sita analala nani?" dereva wa lori akauliza, na jibu alilijua.

"Huyu hapa," meneja akasema.

"Huyu mwamuzi mwenzangu?"

"Huyo."

"Amedaka mechi ngapi?"

"Bado."

Korido nzima ikacheka. Mtu mmoja akasema angalau hajafungwa bao. Nami nikacheka, maana ningefanya nini.

"Mwacheni aseme," Mzanzibari akasema. "Hebu, bwana, ulimpa kwa nini? Ni nduguyo?"

Meneja alimkodolea macho, kisha akanigeukia mimi. Alisema kwamba dari la vitanda sita ni la ajabu, kwa sababu mwenye kitanda hatoki. Ukivijaza vyote mwanzoni kwa wachezaji wazuri, umefungwa hadi mwisho. Akija mtu hodari katikati ya msimu huna pa kumweka. Meneja mwenye akili huacha kitanda kimoja kwa mtu atakayeondoka mwenyewe. Alikuwa na vijana wawili waliokitaka kile cha sita, wote wakicheza kunishinda. Aliwanyima, kwa sababu wangekaa.

"Huyu namjua tangu Riyadh," akasema. "Huyu hakai. Kila mahali ametoka. Nilihesabu hadi Idi atakuwa amekwenda."

"Na hakwenda," dereva wa lori akasema.

"Hakwenda."

Hakuna aliyecheka safari hiyo. Nilisikia tone likianguka kwenye ndoo yangu. Nilikumbuka maswali yake yote juu ya madam, na jinsi nilivyomjibu kwa meno yote nje. Uso ulinichoma. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba ile sehemu yangu iliyozoea kuhukumu mameneja ilikuwa imekwisha toa hukumu, nayo ilisema hesabu ilikuwa safi. Hata mimi ningefanya vilevile. Ungemwuliza mtu yeyote aliyewahi kuishi nami, huko Mombasa au Dammam, angekwambia mpe huyo, baada ya Idi kitanda utakuwa nacho tena.

Dereva wa lori alisema meneja aondoke. Meneja anayejenga timu juu ya kuondoka kwa mtu, akasema, ni sawa na kupanga safari kwa petroli ya gari la jirani. Mzanzibari alisema abaki, kwa sababu kodi hulipwa kwa wakati na meneja mpya hamjui. Wakanitazama.

Nilitaka kusema mengi. Nilisema abaki. Nilisema kosa halikuwa la hesabu, kosa lilikuwa langu, nimechelewa kuondoka, na kitanda nitakiacha Jumapili.

"Hujaambiwa utoke," meneja akasema.

"Najua."

"Sharti lipo."

"Halas, yamekwisha," nikamwambia. "Mpe mmoja wa wale uliowanyima."

Mzanzibari alinimiminia kahawa, kikombe kile kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninarudi Riyadh. Nikamwambia sijui. Kweli sikujua. Jumamosi asubuhi nilishika simu nimwandikie madam, nikaandika salamu, nikafuta. Niliandika tena nikafuta. Kisha nikateremka nikapanda teksi ya kugawana hadi Kandara, nikaanza kuulizia vyumba karibu na stesheni ya zamani ya mabasi. Miaka yote nimeishi katika vyumba nilivyopewa: na kampuni, na kafili aliyenidhamini, na timu. Sikujua mtu huulizia vipi. Mwenye nyumba wa kwanza alitaka kuona ikama yangu, kibali cha ukaazi, kisha akauliza nitakaa muda gani. Akarudia swali, akidhani Kiarabu changu ndicho kibovu.

Nilipata nafasi katika chumba cha watu wanne, hakina dirisha. Kina kelele, na sijazijua bado sauti zake. Kila nikipita stesheni natembea upande wa pili wa barabara, nisiyaone mabasi ya Riyadh.

Ijumaa iliyofuata nilifika kiwanjani mapema nikiwa na glavu. Aliyelala chini ya dirisha sasa ni beki wa kushoto, mmoja wa wale wawili walionyimwa. Viatu vyake vilikuwa na maji. Meneja alisoma kikosi. Alisoma wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho nikawa mimi, kipa wa tatu. Nilikaa benchi. Baadaye alikuja akakaa kando yangu, akanitazama kwa ile namna yake.

"Madam wa Riyadh hajakuita?" akauliza.

"Hajaniita."

Akatikisa kichwa taratibu, macho yake uwanjani. Sikuweza kujua kama anafurahi au anahesabu.