Boss alilazimisha Kiarabu kianzie kushoto, Mwalimu akachekwa mbele ya wageni

Wakuu, hamjambo. Hii sikusimuliwa, ilinipata mwenyewe Embu mwaka wa 1999, na nikiikumbuka bado nachemka.

Nilifanya kazi na kampuni ndogo ya kupakia majani chai ya Kibugu. Boss wetu, Mzee Njeru, alitaka website ya Kiarabu apate wanunuzi Uarabuni. Maneno tuliandikiwa na Mwalimu Abdi wa madrasa ya mtaa.

Kwa wasiojua, Kiarabu huanzia kulia. Kwenye stylesheet, faili inayopanga sura ya website, niliweka direction: rtl, yaani kulia kwenda kushoto, basi. Mwalimu akaja, akasoma, akaridhika.

Siku ya uzinduzi, si mnajua watu wetu, kitu kipya lazima kiombewe. Pasta akaitwa, wakulima wakaja, mandazi tele. Baada ya maombi Mwalimu angewasomea wageni.

Kumbe nikiwa nimetumwa viti, boss ameona maandishi yamelalia kulia, akasema yameharibika. Akamwita shemeji yake, fundi wa kujiita. Huyo akaandika direction: ltr na unicode-bidi: bidi-override, yaani kila herufi ilazimishwe kuanzia kushoto. Wote wawili hawajui hata alifu!

Mwalimu akasimama mbele ya screen. Akajaribu neno la kwanza. Akasogea karibu. Herufi zimegeuzwa, hazisomeki.

Mzee Njeru akawageukia wageni. "Huyu mwalimu ni wa kukariri tu. Kusoma hajui."

Watu wakacheka. Wazazi wa wanafunzi wake walikuwa pale pale.

Wakuu, nilikuwa nimerudi na viti, nikayasikia yote. Nikakaa kwa keyboard, nikafuta ile takataka, nikarudisha rtl. Mwalimu akasoma mwanzo hadi mwisho, na kutafsiri pia.

Mnadhani boss aliomba radhi? Alisema ati mashine ilisumbua kidogo.

Nikamwambia mbele ya pasta, "Mzee, mashine haina makosa. Mwombe Mwalimu msamaha, ama hii kazi ubaki nayo."

Akaitisha chai. Nikachukua koti langu nikaenda zangu.

Funzo nililopata: maandishi usiyoweza kuyasoma, usiyanyooshe. Muulize mwenye lugha. Ni aibu gani hapo?

Baadaye nilifungua ile website kwa cyber. Wameirudisha kushoto, ovyo kabisa, na chini wameongeza mstari mmoja kwa Kiingereza: Kiarabu kimeandikwa na Mwalimu Abdi.

Nyinyi mngefanyaje? Semeni, nasoma zote, hata za kunitukana.