Dawa Arobaini na Moja

Mwenye duka wa ndani ya gemu hapunguzi bei. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu magemu haya marefu, yale ya kuvaa umbo la mtu mwingine na kutembea naye nchi nzima, na mpaka leo sijalisamehe.

Nilikuwa nimempelekea nesi viatu. Mimi nauza viatu vya mtumba sokoni Tarime, na yeye alikuwa amepanga chumba kule Turwa, nyuma ya shamba la migomba. Kwao ni Songea. Serikali ndiyo iliyomleta. Pea yake ya kwanza tuliipigania siku tatu: aliondoka mara mbili nikamwita mara mbili, mara ya tatu akarudi mwenyewe. Jumapili hiyo nilikuwa na pea ya pili. Nikamkuta ameketi kitandani, pedi ya kuchezea gemu mkononi, kompyuta juu ya kigoda, na ndani ya kompyuta askari wa upanga amesimama mbele ya mzee mwenye duka.

"Anauza nini?" nikauliza.

"Ngao."

"Mwambie apunguze."

"Hapunguzi, dada. Bei imeandikwa."

"Imeandikwa na nani? Toka nje. Jifanye unaondoka."

Akamtoa askari nje. Tukasubiri. Mzee hakuita. Akamrudisha ndani, bei ile ile. Nikasema aliyetengeneza gemu hili hajawahi kufika sokoni, nesi akacheka, akanimiminia chai. Nilikuwa nimeingia saa nane. Niliondoka saa kumi na mbili, na viatu nikavisahau mkobani mwangu, jambo ambalo halijawahi kunitokea kabla wala baada.

Wa tatu wetu alikuwa mchimbaji mdogo wa kule Nyamongo. Nesi alimshona mguu, akaja kushukuru na mkungu wa ndizi. Mtu hushukuru mara moja. Huyu alishukuru Jumapili thelathini na moja. Nilihesabu, nikarudia kuhesabu. Alikuwa akifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope, ananawa bombani, kisha anauliza kutokea mlangoni, "Wamelala wapi wale?" Kana kwamba ameacha ng'ombe.

Wale walikuwa wanne: askari wetu, mpiga upinde, mwizi wa kufungua makufuli, na bibi mmoja mwenye mgongo uliopinda aliyetibu wenzake. Gemu haliruhusu zaidi ya wanne. Neno la Kiingereza lililoandikwa juu ya orodha yao, 'party', mchimbaji alilisoma kama chama, kile cha kupigia kura.

"Chama cha watu wanne hakisajiliwi," akasema.

"Siyo chama hicho, kaka," nesi akamwambia. "Ni kundi tu."

"Lina mwenyekiti?"

"Lina askari."

"Basi ni chama."

Likabaki chama. Na yule bibi, mchimbaji alimwita mganga, nesi akakataa katakata. Mganga anapiga ramli, alisema, huyu anafunga vidonda, huyu ni muuguzi. "Muuguzi mbona posho halipwi?" mchimbaji akauliza. Nesi akamtazama. "Sasa umeelewa," akasema.

Tulibishana kila kitu. Mchimbaji alichukizwa na mfuko wa askari, ambao haujai. Dawa, ngao tatu, mapanga sita, na bado jamaa anakimbia. "Mimi kiroba kimoja cha mawe kinanilaza siku mbili," alisema. "Hawa waliotunga wangebeba kwanza ndipo watunge." Nesi alitaka vidonda vikae, mtu asilale usiku mmoja akaamka mzima. Mimi nilikuwa na lile duka langu lisilopunguza bei.

Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya kifo. Sheria ya gemu ni hii: mwenzako akianguka, kioo kinahesabu kutoka kumi kurudi chini. Umpe dawa kabla ya sifuri. Usipompa amekufa, wala hafufuki. Ila ukitaka unaweza kufungua pale ulipohifadhi mwisho, na yote yaliyotokea yakawa hayajatokea.

"Aliyekufa abaki amekufa," nesi alisema. "La sivyo tunacheza nini?"

"Sokoni, mteja anayeondoka ndiye mteja," nikamwambia. "Kuondoka na kurudi ndiyo biashara yenyewe."

"Wodini hakuna kurudi, dada."

"Kwa hiyo Jumapili unapumzika kwa kujifungulia wodi nyingine?"

Mchimbaji alikuwa anamenya ndizi. "Sisi kwenye duara," akasema, na duara ni lile shimo lao la dhahabu, "tunashuka na kamba. Ukiitikisa, wa juu wanakuvuta. Lakini ukiitikisa kwa mchezo, siku ya kweli wanasema ni yule mwenye mchezo." Akameza. "Kila mtu apewe kamba moja ya kurudi alipohifadhi. Moja kwa gemu lote. Ukishaivuta, basi."

Niliomba mbili. Nikashuka mpaka moja na nusu, nikashindwa kueleza nusu ni nini. Tukakubaliana moja moja, kamba tatu kwa jumla, na nesi akaziandika kwa kalamu nyuma ya kalenda iliyokuwa ukutani.

Mchimbaji alikuwa wa kwanza kuvuta. Aliwaingiza wote wanne pangoni wakatumbukia shimoni. "Wewe, mura," nikamwambia, yaani kijana kwa Kikurya, "mtu wa Nyamongo, unauawa na shimo?" Akasema shimo lile halikuchimbwa na mtu anayejua kazi. Mimi yangu niliivuta kijiji cha tano. Nilikuwa nimenunua deraya, lile vazi la chuma la vitani, tukavuka mto, nikaikuta ile ile kwa bei pungufu. Nesi alinikumbusha mara mbili kwamba hakuna aliyekufa. Nilimwambia nimekufa mimi. Ikabaki kamba moja ukutani, ya nesi, ambaye hakuwahi hata kuinyooshea kidole.

Kisha ikaja barua ya uhamisho. Aliiomba mwenyewe, mwaka wake wa kwanza huku, awe karibu na mama yake ambaye ni mgonjwa. Mwaka huo hakuwa anatujua. Alikuwa analia kwa baridi ya asubuhi na kwa Kikurya alichosalimiwa nacho kila mlango. Barua ikakaa huko ilikokaa, na ikafika alipokuwa ameshazoea vyote viwili.

"Haiwezi kurudishwa?" nikauliza.

"Nitaandika nini? Kwamba nina gemu?"

"Andika unaomba miezi mitatu. Wakikupa mmoja, umepata mmoja."

"Dada, mama yangu anaumwa."

Nikauliza zimebaki Jumapili ngapi. Mbili. Na milango ya ngome mle ndani ya gemu ilikuwa imebaki mitatu. Tukataka kitu kimoja tu sote watatu, na tulikisema kwa sauti ili kisije kikageuzwa: tufike mwisho wa gemu, wanne wote wakiwa hai, kabla nesi hajapanda basi.

Jumapili ya kwanza tulivuka milango miwili. Mchimbaji alicheza vizuri kuliko siku zote, hakuingia shimo lolote.

Jumapili ya pili ilinyesha. Chumba kilikuwa kimefungwa kwenye maboksi. Kalenda peke yake ndiyo iliyokuwa bado ukutani. Umeme ulikatika saa nane na kompyuta ile haikai dakika kumi bila waya, kwa hiyo tukakaa tunatazama maji yakishuka kwenye migomba. Nilihesabu maboksi, saba. Nikahesabu tena, saba. Umeme ukarudi saa kumi na robo.

Tuliposimama mbele ya mlango wa mwisho nesi akahifadhi, kisha akanipa pedi. "Zamu yako," akasema. Ilikuwa kweli zamu yangu, sikuweza kuikataa.

Walitoka maadui wengi. Nilipigana, mpiga upinde akapigana, mwizi akajificha kama kawaida yake. Nikasikia nesi anasema, "Bibi," kwa sauti ya chini. Bibi alikuwa amelala. Juu yake imetokea kumi.

Nikafungua mfuko. Nilikuwa na vichupa vya dawa arobaini na moja. Nilikuwa nimevikusanya tangu kijiji cha kwanza, sijawahi kutumia kikubwa hata kimoja, na kila Jumapili nilivihesabu wenzangu wakinicheka. Vikubwa tisa, vidogo thelathini na viwili. Saba, kioo kikasema. Nikashika kikubwa. Na wazo likanijia, najua hasa lilivyokuwa, lilikuja na sauti yangu ya sokoni: ndani ya mlango kuna mfalme wao, vikubwa tutavihitaji huko. Nikakiacha. Nikampa kidogo.

Kidogo ni cha kutibu sumu. Hakiinui mtu.

"Kikubwa, dada, kikubwa," mchimbaji akasema. Nilirudi mfukoni, kidole kikapitiliza, nikafungua ngao. Kioo kikafika sifuri, jina la bibi likageuka kijivu kwenye orodha. Wale wengine wakamaliza vita peke yao na mlango ukafunguka vizuri kabisa.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nesi alichukua pedi mikononi mwangu polepole, kama anavyomwondolea mgonjwa kitu asichopaswa kushika.

"Dawa ya kabatini haijawahi kumponya mtu," akasema. Hakusema kwa ukali. Nadhani alikuwa ameshawahi kuisema mahali pengine.

"Una kamba," mchimbaji akamwambia.

"Ninayo."

"Basi vuta. Tumehifadhi pale nje ya mlango, ni dakika tano tu."

"Hapana."

Tukadhani anatania. Mimi nikaanza kazi yangu. Nikamwambia kosa ni langu, si la bibi, asimwadhibu bibi. Nikamwambia tutaihesabu kama nusu kamba. Nikamwambia nitampa viatu pea mbili vya kuanzia kazi huko aendako, bure, neno ambalo mchimbaji alikuwa hajawahi kulisikia kwangu, akageuka kunitazama.

"Kwa nini?" nikamuuliza mwishowe. "Ulikuwa unaiwekea nini?"

Alitazama kalenda. "Nikiivuta, dada, naondoka sina."

Nikasimama. Nikasema basi naenda, kama ni hivyo gemu limekwisha, kwaherini. Nikachukua mkoba, nikatoka nje kwenye mvua. Nilitembea kama mteja anavyotembea, si haraka, nikimpa mtu nafasi. Nikafika kwenye migomba. Nikafika getini. Nikainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Ndani hakuna aliyeita.

Nilisimama pale mpaka maji yakaingia shingoni. Kisha nikarudi. Miaka yote niliyouza, sijawahi kurudi bila kuitwa. Nilipoingia, mchimbaji alikuwa amelala chali sakafuni, anatazama dari, na nesi alikuwa anapasha chai. Vikombe alikuwa ameshavitoa vitatu.

"Umelowa," akasema.

"Nimelowa."

Gemu hatukulimaliza. Hakuna aliyesema tusilimalize. Wale watatu walibaki wamesimama mbele ya mlango ulio wazi, wanahema kama magemu yanavyowafanya watu waheme bure, na sisi tukanywa chai mpaka giza la mvua. Mchimbaji akabeba boksi moja moja mpaka barazani, yote saba. Alipofika la mwisho akaanza kucheka. "Yule askari angeyabeba yote mara moja," akasema.

Asubuhi ya Jumanne tulimsindikiza stendi. Kalenda aliikunja akaiweka kwenye pochi, si kwenye begi.

Nesi alinipigia simu wiki iliyopita, mchana, nikiwa na mteja aliyeshika kiatu cha mguu mmoja na kukigeuza kama anatafuta alipokosea fundi. Mama yake anaendelea vizuri kiasi, akasema. Vizuri kiasi ni vizuri kwa bei gani, nikataka kuuliza. Mchimbaji bado anapita kwangu Jumapili, nikamwambia, ananisalimia, anakaa kidogo, hana pa kwenda.

"Kompyuta umeifungua?" nikamuuliza.

"Bado."

"Bibi?"

"Yupo pale pale."

"Na kamba unayo?"

"Ninayo, dada."

"Ngapi?"

"Si moja? Unajua ni moja."

"Hesabu tena."

Nikasikia zipu ya pochi, kisha karatasi inafunguliwa.

"Moja," akasema.

Mteja alikuwa ameshaweka kiatu chini na kuanza kuondoka. Nikamwita. Nikamwita na mara ya pili. Hakugeuka.