Nebula Ndani ya Bomba la Gata

Darubini ya kwanza maishani mwangu ilinuka mavi ya popo. Kaka yangu Yohana aliitengeneza nyumbani kwetu Kasulu kwa bomba la gata, lile la kuteremsha maji ya mvua kutoka paani hadi kwenye tangi, na popo walikuwa wameligeuza choo tangu sijazaliwa. Alilisugua kwa sabuni na majivu, akabandika lenzi mbili, lakini ukilisogelea, pua ndiyo iliyotangulia kuona. Nilikuwa na miaka tisa, mwoga wa giza na mpenzi wa blanketi, tabia ambazo sijaziacha. Baba alishatoa neno: "Jumamosi mtuoneshe hayo maajabu yenu. Tusipoona kitu, bomba linarudi juu. Mvua haingoji nyota."

Maajabu yenyewe yalikuwa nebula, wingu la gesi linalowashwa na nyota changa zilizomo ndani yake, chini kidogo ya zile nyota tatu zilizopangana. Katika kitabu cha Yohana lilikuwa jekundu kama nyanya iliyopasuka. Jumamosi jioni majirani wakaja, na kwetu mgeni hatazami kitu akiwa na njaa, kwa hiyo mama akapakua kwanza: ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, inayoogelea kwenye mawese. Kunawa kulikuwa kabla ya kula. Baada ya kula tulilamba vidole, tukamalizia kujifuta miguuni. Kisha tukapanga foleni nyuma ya nyumba. Asiyeweza kufumba jicho moja alilibana kwa kidole, na kwa kingine akaishika lenzi. Mama Zaituni, mwenye duka la jirani, akatangulia.

"Mashallah! Limejaa jicho zima!"

"Linang'aa, mama?" Yohana akauliza.

"Linang'aa kama mawese, mwanangu!"

Kila mmoja akaliona, tena akalisifia kuliko aliyemtangulia. Hata baba akaguna, "Haya, bomba na libaki kwanza." Yohana akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Zamu yangu ikawa ya mwisho. Kope zikanata kwenye kitu cha uvuguvugu chenye harufu ya samaki. Nikafuta lenzi kwa pindo la gauni, nikatazama tena. Wingu kubwa halikuwepo. Kilibaki kidoa cha kijivu, mfano wa kamasi lililokauka shavuni, na vinyota vichache katikati.

"Mlikuwa mnasifia mawese," nikatangaza kwa madaha. "Nebula ni hili kamasi hapa."

Baba akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Hiki ndicho kimetunyima maji?"

Asubuhi akapanda ngazi na bomba begani. Yohana hakunisemesha wiki nzima.

Siku hizi yuko Kibondo, anauza simu, na hunitumia picha za nebula ileile, nyekundu, imejaa kioo kizima. Humjibu, "Kaka, kanawe mikono." Hajawahi kucheka. Mimi sijatoka nyumbani, wala bomba halijatoka paani. Mvua ikianza huweka ndoo chini yake, maana tangi lilishatoboka, nikainusa ile harufu, nikachefuka, na kabla sijajizuia huwa nimeshainama kwenye mdomo wa bomba, jicho moja nimelifumba.